Tuanze na Jambo Moja: Somo la Chakula na Kujitunza



Leo tunaleta somo la chakula na kujitunza. Lakini kabla ya somo tunataka kukiri kosa. Kosa lenyewe ni letu sisi walimu, siyo lenu.

Kwa miaka kadhaa tumefundisha habari za chakula bora katika madarasa ya kisomo. Tuliandika ubaoni: KULA MLO KAMILI. Wanakisomo walinakili. Tuliwauliza, "Mlo kamili ni nini?" Wakajibu wote kwa sauti moja bila kukosea. Tukafurahi, tukaweka alama ya vyema. Halafu kila mtu alirudi nyumbani akala kama alivyokula jana.

Na sisi wenyewe je? Tulikuwa tunafika darasani saa kumi jioni, na tumboni tuna chai ya rangi na andazi moja tangu asubuhi. Tulifundisha mlo kamili huku tumbo linanguruma. Basi, somo la leo ni letu sote.

MAMA ALIYEANGUKA DARASANI

Siku moja tulikuwa katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Darasa letu lilikuwa chini ya mbuyu. Tulimwita mama mmoja aje kusoma ubaoni. Mama huyo ni hodari wa kusoma, tena ndiye aliyekuwa akiwasaidia wenzake. Sentensi ilikuwa hii: "Mboga za majani husaidia kuongeza damu."

Alisimama. Alisoma maneno mawili, akashika kichwa, akaanguka.

Wenzake walimlaza kivulini na kumpepea. Alipozinduka alipakiwa kwenye baiskeli mpaka zahanati. Mganga alimpima, akasema damu imepungua sana. Tena mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ndugu msomaji, hili si jambo dogo. Mama mjamzito mwenye damu kidogo akitokwa na damu wakati wa kujifungua, anaweza kufa. Na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa na uzito mdogo.

Mganga alimpa vidonge vya kuongeza damu. Alimwambia asiviache, hata akiona choo chake kimekuwa cheusi, maana vidonge hivyo ndivyo vilivyo. Akampima pia malaria na minyoo, kwa sababu damu haipungui kwa chakula tu. Malaria huharibu damu. Minyoo ya safura huinyonya. Kuzaa mfululizo bila kupumzika nako huimaliza.

Juma lililofuata tulikwenda kumwona nyumbani kwake.

TULIYOYAONA NYUMBANI

Nyumba haikuwa na njaa. Ndani mlikuwa na gunia la mtama na debe mbili za karanga. Uani kulikuwa na kuku sita na mpapai mmoja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kunde. Mume wake alituonyesha gunia kwa mkono, akasema, "Walimu, hapa kwangu shida ya chakula haipo."

Ni kweli, njaa haikuwapo. Lakini tulikaa mpaka wakati wa kula, tukaona mambo matatu.

La kwanza, mayai yote yalikuwa yamewekwa kwenye kapu yakisubiri siku ya mnada. Fedha yake hununua sukari, maandazi na soda za watoto.

La pili, mama alipakua kwanza kwa mume na wageni. Kisha akawapakulia watoto. Yeye alikula mwisho kabisa, jikoni, amechuchumaa. Alikula ugali uliobaki na mlenda uliobaki. Kunde na karanga zilikuwa zimekwisha.

La tatu, mara tu baada ya chakula, sufuria ya chai ya rangi ililetwa. Yeye alikunywa vikombe viwili.

Tulitaka kuanza kumfundisha. Akatukata kauli kwa upole: "Walimu wangu, somo nalijua. Nimelisoma ubaoni hata nikaangukia hapo hapo. Lakini niambieni, naanzaje?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha nini cha kula. Hatukuwa tumefundisha jinsi ya kuanza, wala jinsi ya kuendelea.

KUSHIBA NA KULA VIZURI NI MAMBO MAWILI

Kwanza tukumbushane kwa ufupi. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukadhoofika. Ugali hushibisha na kutia nguvu. Lakini ugali peke yake haujengi mwili vya kutosha, wala hauukingi na maradhi.

Mwili unataka vyakula vya namna mbalimbali:

1. Nafaka, mizizi na ndizi: mtama, uwele, mahindi, mihogo, viazi.
2. Jamii ya kunde na mbegu: kunde, maharage, choroko, karanga, ufuta.
3. Vyakula vya wanyama: mayai, maziwa, dagaa, samaki, nyama.
4. Mboga: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, kisamvu.
5. Matunda: papai, embe, pera, ubuyu, ukwaju.
6. Mafuta kidogo: ya alizeti, ya karanga, ya ufuta.

Tazama orodha hiyo vizuri. Vingi vimo kijijini kwako. Mara nyingi shida siyo fedha. Shida ni mazoea. Kilicho bora tunakiuza, na kwa fedha yake tunanunua kilicho duni. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko vidogo 9 vya chai. Haina kitu cha kujenga mwili. Yai lililouzwa ili soda inunuliwe lilikuwa nacho.

TABIA INATAKA MSUMARI

Sasa turudi kwenye swali la yule mama: naanzaje?

Katika nyumba zetu nyingi kuna msumari ukutani. Mtu akirudi anatundika kofia pale. Hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Kitu kisicho na msumari hutupwa popote na kesho hakionekani.

Tabia mpya nayo inataka msumari. Msumari wake ni kazi ambayo tayari unaifanya kila siku bila kukumbushwa. Unatoka chooni. Unawasha moto. Unapakua chakula. Unafunga mlango usiku. Tundika jambo lako jipya hapo. Usiseme, "Nitakuwa nakula vizuri." Maneno hayo hayana msumari. Sema, "Kila ninapopakua ugali, nitapakua na sahani yangu." Hapo umeshapata pa kutundika.

Na jambo liwe moja. Ukianza na mambo kumi, hata moja halitabaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazee wetu wa kisomo wanakumbuka jambo kama hili. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya hapa Tanzania. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vidogo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi vile havikuishia kusikiliza. Baada ya somo walijadiliana: sisi hapa tufanye nini? Wengine wakachimba vyoo, wengine wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Nguvu ya somo ilikuwa katika swali lile la mwisho. Sisi walimu wa siku hizi tulikuwa tumelisahau.

MAMBO YA KUCHAGUA

Hapa chini tunaeleza mambo machache. Usiyachukue yote. Soma, kisha chagua moja.

Chai isubiri. Chai ya majani, iwe ya rangi au ya maziwa, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga na kunde. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Hatusemi uache chai. Tunasema isubiri saa moja baada ya chakula. Badala yake kula kipande cha papai au pera, au kamulia ndimu kwenye mboga. Matunda haya husaidia mwili kuchukua madini hayo. Msumari wake ni kuosha vyombo: chai haibandikwi mpaka vyombo vimeoshwa, vimeanikwa na jua limesogea.

Sahani ya mama. Wakati wa kupakua, sahani ya mama ipakuliwe pamoja na nyingine, na kila kilichomo katika chungu kiwemo. Hasa mama mjamzito na anayenyonyesha. Huyu anakula kwa ajili ya mwili wake na wa mtoto. Akina baba, jambo hili ni lenu. Ukiona sahani zimeletwa, uliza: "Ya mama iko wapi?" Swali hilo halina gharama.

Mboga isiuawe jikoni. Wengi tunakatakata mboga, ndipo tunaiosha, kisha tunaichemsha mpaka inakuwa kama matope na maji yake tunamwaga. Hapo tumemwaga na faida yake. Osha kwanza, kisha kata. Pika kwa muda mfupi, kwa maji kidogo. Tia karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo ya alizeti. Magadi yapunguze, na ikiwezekana yaache, maana huharibu baadhi ya vitamini. Lakini kisamvu ni tofauti. Kisamvu kina sumu yake, kitwange vizuri na kukichemsha sana mpaka kiive.

Mboga za kiangazi. Hapa uwanda wa kati mvua ni ya miezi michache, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo majani mabichi huadimika. Basi wakati wa masika kausha majani ya kunde. Yaoshe, yachovye katika maji yanayochemka dakika chache, kisha yaanike kivulini kwenye kichanja safi. Jua kali hupunguza vitamini A, ambayo macho ya watoto huihitaji. Yakikauka yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Na unga wa ubuyu tunao. Ukoroge kwenye uji wa watoto baada ya kuutoa motoni.

Dona, lakini ya mahindi mazima. Unga wa dona una kiini na pumba, kwa hiyo una faida zaidi kuliko sembe nyeupe. Lakini mahindi yawe makavu na yasiyo na ukungu. Ukungu huleta sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hii na wengine walikufa. Kausha mahindi na karanga juu ya turubai au mkeka, siyo chini udongoni. Chambua kabla ya kusaga. Punje yenye ukungu usile.

Chumvi na sukari. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika mboga. Chumvi yenyewe iwe yenye madini joto. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na ugonjwa huu hukaa kimya mwilini bila maumivu. Wengi huujua siku wanapopooza. Msumari wake ni huu: kila unapokwenda zahanati kwa jambo lolote, omba upimwe shinikizo la damu.

Mikono. Chakula bora kilicholiwa kwa mikono michafu huleta kuhara. Funga kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, na kipande cha sabuni kwenye kamba. Kikiwa pale pale, mkono utakikumbuka. Nawa kwa sabuni. Ikikosekana, tumia majivu safi. Nawa pia kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha mtoto.

Tuongeze neno juu ya watoto. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo apewe uji mzito wenye karanga au maziwa, na aendelee kunyonya.

YULE MAMA ALIFANYA NINI?

Tuliporudi kwake tulimsomea mambo haya. Tukasema, "Chagua moja." Akachagua chai isubiri.

Wiki ya kwanza alifaulu. Wiki ya pili pia. Wiki ya tatu wakaja wageni wa msiba, chai ikapikwa asubuhi mpaka usiku, naye akanywa kama zamani. Alipotuona akainamisha kichwa. "Walimu, nimeshindwa."

Tukamwambia: "Hapana, mama. Umekosa siku tano. Ulifaulu siku 14. Mkulima akikosa kupalilia siku tano hachomi shamba. Anachukua jembe anarudi."

Akarudi. Mwezi wa pili akaongeza jambo la pili, sahani yake. Hapo palikuwa pagumu. Mama mkwe alikuwa akitazama. Akasema, "Sisi tulikula mwisho na tukazaa." Mama yule hakubishana naye. Mume ndiye aliyejibu, kwa heshima: "Mama, umesema kweli. Lakini mganga kaniambia huyu anaweza kutufia. Mimi sitaki kulea watoto bila mama yao." Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasogeza bakuli la kunde upande wa mkwewe.

Mayai nayo yaligawanywa. Kati ya kila mayai 10, mawili yanabaki nyumbani. Hayo mengine yanauzwa. Haikuwa rahisi, maana soda za siku ya mnada zilipungua na watoto walinuna. Wakazoea.

Pamoja na hayo, mama alimeza vidonge vyake kila siku. Msumari wake ulikuwa kufunga mlango usiku: akifunga mlango, anameza. Alihudhuria kliniki bila kukosa na kulala ndani ya chandarua. Hatusemi ni chakula peke yake kilichomponya. Vidonge, kliniki na chakula vilisaidiana. Alijifungua salama katika kituo cha afya, mtoto wa kike. Miezi mitatu baadaye alirudi darasani na mtoto mgongoni. Tukamwita ubaoni. Alisoma ile sentensi mpaka mwisho.

NA SISI WALIMU

Sisi nasi tulichagua. Tumeacha kwenda kazini na chai tupu. Kila tunapofunga mfuko wa vitabu asubuhi, tunatia ndani karanga za kukaanga na tunda. Ni jambo dogo, lakini sasa tumbo halingurumi tukifundisha.

Ndugu msomaji, mwili wako ndio jembe lako la kwanza. Jembe la chuma likivunjika utanunua jingine. Hili la mwili haliuzwi dukani. Litunze kila siku, kidogo kidogo.

MASWALI YA KUJADILI

Someni somo hili katika kikundi, kisha jadilini:

1. Kwa nini mama yule alipungukiwa damu ingawa nyumbani kulikuwa na chakula?
2. Katika nyumba yako, nani hula mwisho? Je, hupata kila kilichopikwa?
3. Ni vyakula gani bora mnavyouza siku ya mnada? Fedha yake hununua nini?
4. "Msumari" katika somo hili maana yake ni nini? Taja misumari mitatu iliyo katika siku yako.
5. Mama mkwe alikuwa na neno lake. Ninyi mngemjibuje bila kumvunjia heshima?

KAZI YA KUFANYA

Chukua daftari lako. Andika jambo moja tu ulilochagua, na msumari wake. Chora mstari kwa kila siku utakayofaulu. Siku ukikosa, usiandike kitu. Kesho yake endelea. Baada ya siku 30 hesabu mistari yako, kisha mwonyeshe mwenzako katika kikundi. Jambo likikaa, ongeza la pili.

MANENO YA KUKUMBUKA

Madini ya chuma: madini yaliyomo katika chakula ambayo mwili hutumia kutengeneza damu.

Madini joto: madini yanayotiwa katika chumvi ili kuzuia uvimbe wa shingo na kusaidia akili ya mtoto kukua.

Sumukuvu: sumu inayoletwa na ukungu katika mahindi, karanga na nafaka nyingine.

Kibuyu chirizi: kibuyu au dumu dogo lililotobolewa na kutundikwa ili litoe maji kidogo kidogo ya kunawa.

Safura: minyoo inayoingia kwa kutoboa ngozi ya miguu na kunyonya damu. Vaa viatu na tumia choo.